Nyumba Isiyo na Komeo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia tu hata kama mwenyewe sipo mbele yako, maana shikamoo hii imesafiri mbali na njiani imelowa. Natumaini goti limekupa nafuu, na kwamba unalikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni kama daktari alivyosema, si asubuhi peke yake kwa sababu jioni ni saa ya tamthilia. Kifua cha mdogo wangu kinaendeleaje? Na jirani yetu mshonaji, ameirudisha ile ngazi au bado anasema kesho? Sisi huku tu wazima. Mimi nimekonda kidogo, mkwe wako amenenepa, na wote wawili tumeungua na jua hadi pua zinachunika.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mtandao upo. Hapa nilipokaa, kwenye baraza ya nyumba ya wageni, kila mtu ana simu sikioni. Ila kuna jambo nataka kukuambia, na nataka nilimalize bila mtu kunikatiza, hata wewe. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kwenye kiti chako, usome kwa utaratibu. Usianzie mwisho, Mama. Nakujua.

Ulituaga getini huku ukiyacheka mabegi yetu ya mgongoni, ukasema tunafanana na konokono waliofukuzwa nyumba. Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri. Tulipanda meli hadi kisiwa cha kwanza, tukalala vyumba vya bei poa vyenye feni zinazopiga kelele kuliko upepo zinaoutoa, tukala samaki hadi nikaanza kuwaota. Mke wangu alikuwa akisema kila asubuhi kwamba anashangaa kuamka siku isiyo na mwanafunzi wake wa chekechea wa kumvuta sketi. Kisha tukafika kwenye gati ambako meli ya kwenda visiwa vya mbali ilikuwa imekufa injini, na hakuna aliyejua itafufuka lini.

Hapo ndipo tulipokutana na Nahodha. Ni dereva mstaafu wa malori, aliyeuza lori lake akanunua mashua ya matanga, na tangu siku hiyo anaishi ndani yake na mkewe, ambaye sisi tulimwita Bibi Nahodha. Friji yao ilikuwa imeharibika na samaki walikuwa wameanza kunuka. Mimi nikaona hapo nimepata cha kujidai, nikaingia na bisibisi zangu, na kabla jua halijatua friji ilikuwa inanguruma. Nahodha akasema kwa kazi ile atatupitisha visiwa vyote vya mbali, na chakula juu yake. Mke wangu alikubali hata mikono sijaifuta.

Mama, mashua yenyewe ni ndogo kuliko karakana yangu. Kule chini kuna jiko, meza, choo cha kupampu kwa mkono kama unajaza upepo baiskeli, na huku na huku sehemu mbili za kulala. Ya mbele ilikuwa yetu, ya nyuma ni ya wenye mashua. Hakuna milango. Kuna pazia zito mbele na pazia zito nyuma, na katikati hatua moja tu ya mtu mwenye haraka. Siku ya kwanza nilitapika hadi vile nilivyokula kwenye harusi yetu. Mawimbi yalitubeba yakatutupa, kila kitu kililowa, na mimi nilikuwa nimekumbatia mguu wa meza nikimwomba Mungu anirudishe nchi kavu. Mkwe wako alikuwa juu anajifunza usukani. Nilimsikia akicheka.

Jioni ile Bibi Nahodha akatupa sheria yake. Pazia likifungwa, alisema, aliye nyuma yake hayupo. Humwiti, humuulizi kama anataka chai, hata kama unasikia anavyojikuna. Alieleza kwamba bila sheria hiyo yeye na mumewe wangekuwa wameshatupana baharini zamani. Nilicheka nikadhani ni utani wa mabaharia.

Lakini wewe unajua nilikolelewa. Kwetu mlango ukirudishiwa tu, lazima mtu aulize kama upo, na aliye ndani ajibu kwamba yupo. Mdogo wangu yuko bafuni, nipo. Mimi nimelala chini ya friji ya mteja, nipo. Mke wangu amekaa kitandani anapumzisha miguu, nipo. Akichelewa kujibu, mlango unafunguka. Sisemi ni vibaya, Mama. Mimi nilikuwepo siku ile Baba alipoingia kuoga na moyo ukamsimama. Tulisikia ndoo ikianguka. Ulimwita, ukamwita, ukapiga mlango kwa mabega, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Hadi seremala alipokuja na mtaimbo, hapakuwa tena na mtu wa kumwokoa. Baada ya mazishi ulichukua bisibisi ya Baba ukang'oa kila komeo nyumbani, la bafuni, la chumbani kwako, hata la stoo ya mkaa, na mimi ndiye niliyekushikia kiti usianguke. Tangu hapo hatujawahi kufunga mlango. Sijawahi kuona ajabu. Niliona ndivyo watu wanaopendana wanavyoishi.

Basi kwenye mashua nikaendelea na tabia ya kwetu. Mke wangu akifunga pazia, namuuliza kama yupo. Ananijibu yupo. Nazunguka kidogo, namuuliza tena. Siku moja mchana nikashuka kutoka juu, jua limenipofusha, nikamwita, kimya. Nikaita tena, kimya. Roho ikaniruka, nikavuta pazia kwa nguvu zote. Kumbe nimevuta la nyuma, mke wangu amesinzia zake mbele. Bibi Nahodha alikuwa amekaa bila meno, uso umepakwa krimu nyeupe mpaka masikioni, miguu ndani ya beseni, na mapajani ana pakiti ya biskuti ambazo mumewe alikuwa ameambiwa zimekwisha. Kandambili ilinipata hapa kwenye sikio. Baadaye alinisimamisha mbele ya pazia lililofungwa, nikaliomba msamaha pazia lenyewe, kwa sauti, huku mke wangu ameziba mdomo kwa kanga. Nahodha yeye hakucheka. Alinuna kutwa nzima kwa ajili ya zile biskuti.

Sasa nafika kwenye kisa chenyewe. Hali ya hewa ilichafuka, tukakimbilia ghuba ya kisiwa kisicho na watu, Nahodha akatia nanga. Mvua ikapiga, upepo ukageuka kila upande, na wimbi likawa linapanda juu ya mashua. Akafunga kifuniko cha juu, akatuambia hatoki mtu. Tulikaa humo siku juu ya siku. Joto la watu wanne na jiko moja, harufu ya dizeli, nguo mbichi zinaning'inia usoni, maji yanapita kichwani kwako kama mtu anaburuta samani ghorofani. Sikuweza kusimama wima wala kunyoosha miguu. Nchi kavu ilikuwepo palepale, ningeweza kuitupia jiwe, na hakuna njia ya kuifikia. Nilitaka kukivunja kile kifuniko kwa ngumi. Bibi Nahodha alinipa viazi nimenye, akasema mkono wenye kazi hauna nafasi ya kumpiga mtu.

Mchana mmoja mke wangu akaingia kwetu akafunga pazia. Nikamuuliza kama yupo. Hakujibu. Nikauliza tena. Kimya. Mama, niliona kila kitu upya, ndoo, mlango, mtaimbo. Nililishika pazia nikalikunja ngumini. Bibi Nahodha alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Nikiwa nimelishika hivyo nikamsikia mke wangu anaimba. Anaimba polepole, wimbo usio na maneno, kama mtu anayefua nguo zake peke yake. Tangu tuoane sijawahi kumsikia akiimba. Nililiachia pazia, nikakaa chini, nikaendelea kumenya viazi ambavyo havikuhitajika tena.

Alipotoka nilimuuliza kwa nini hakunijibu. Akakaa karibu yangu, akanieleza bila ugomvi wowote. Alisema alinisikia, na alitaka kujua kama nitaweza. Alisema anakupenda, na hajasahau ulivyomlisha uji kwa kijiko alipougua, ukalala sakafuni kando ya kitanda chake. Lakini shuleni wanamwita kutwa, akirudi nyumbani anaitwa hadi alale, na amejibu yupo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi anajibu bila kuwa na uhakika. Alisema amejifunza kulia bila kutoa sauti na kuoga kwa haraka kama mwizi. Kisha akaniambia alilokuwa amelibeba tangu tunafunga mabegi. Hatarudi kuishi katika nyumba ile. Tukimaliza safari atakwenda kwa kaka yake, na mimi niamue mwenyewe ninapokwenda.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimuuliza kama alinileta baharini kote kule ili anibane mahali ambapo siwezi kutoka nje na kubamiza mlango. Akasema hata nyumbani nisingeweza kubamiza, milango yetu haifungi. Nahodha, ambaye alikuwa hatua moja kutoka kwetu na amesikia kila neno, alianza kupiga mluzi na kukagua dari.

Mvua ilikatika asubuhi moja, kifuniko kikafunguliwa, na nikatoka juu kama kuku aliyesahauliwa bandani. Maji yalikuwa meupe, mnyororo wa nanga unauona hadi chini. Tuliogelea hadi ufukweni, tukakizunguka kisiwa kizima kwa miguu, na tuliporudi chai ya chupani ilikuwa bado ya moto. Mke wangu alinifundisha usukani wakati wa kuondoka. Mashua iliinama, tanga likajaa, nikaogopa na nikafurahi kwa pamoja, na nikajikuta napiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Nikikaa nikikumbuka safari hii, ile ndiyo asubuhi nitakayowasimulia watu. Haya mengine nakuandikia wewe peke yako.

Sasa sikiliza, Mama, maana hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Unaposoma maneno ya mke wangu najua unasema moyoni kwamba amekuja mtu kuninyang'anya mwanangu. Ningeweza kukuacha uamini hivyo, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini si kweli. Siku ile ya ugomvi, baada ya hasira, niliingia nyuma ya pazia nikalifunga mwenyewe, kwa kisirani tu, ili na mimi nisiwepo. Hakuna aliyeniita. Upepo ulikuwa unavuma, mashua inapigwa, hewa hakuna, na mimi nikapitiwa na usingizi mchana kweupe. Nililala kama gogo. Nilipoamka nililia, na nilijua kwa nini. Tangu Baba afariki nimekuwa nikilala sikio moja likiwa macho, nasubiri uniite, na nasubiri siku ambayo nitakuita mimi na usijibu. Nimechoka, Mama. Mke wangu alisema hatarudi, na kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu, kabla ya hasira, kilikuwa ni nafuu. Mimi ndiye ninayetaka kuondoka. Yeye amenitangulia kusema tu.

Jana nimempigia rafiki yangu fundi umeme, na amenishikia vyumba viwili nyuma ya shule anakofundisha mkwe wako. Mlango una komeo. Usiku wa kwanza nitaligusa na kuliacha mara kadhaa, hilo nalijua, lakini nitalifunga. Karakana haihami. Kila asubuhi nitakuja kufungua, nitakunywa chai yako, nitakuuliza goti, na mdogo wangu bado yuko nawe. Hukukosea kung'oa yale makomeo. Ulikuwa umefiwa na mume na unaogopa kufiwa na watoto, na ulitulea sote tukakua. Hata mimi ningeng'oa.

Barua hii atakuletea mwalimu mmoja anayepanda meli leo. Mkaribishe chai, ni mtu mwema, ila anaongea sana. Msalimie mdogo wangu, mwambie nimemletea kombe kubwa la baharini na asianze kulitangaza kabla halijafika. Msalimie mshonaji, na ngazi irudi. Nahodha anakusalimu ingawa hakujui, na Bibi Nahodha anasema ulilea mtoto mwenye mikono mizuri na masikio mabaya. Mkwe wako anakuamkia. Ameomba aandike mstari wake mwenyewe hapa chini, ameshika kalamu muda mrefu, kisha ameirudisha na kusema atakuja kukuambia uso kwa uso.

Nitafika siku chache baada ya barua. Nitapitia kwako kwanza, peke yangu, begi mgongoni, na nitakuwa na njaa. Nikasirikie ukitaka. Ninunie, niite majina yote ya utotoni, nichape na mwiko, nitavumilia. Ila nakuomba, Mama, usinisihi nibaki. Unajua sijawahi kukukatalia kitu. Ukinisihi nitabaki, na nikibaki nitakuwa nimempoteza mke wangu, na nitakaa humo ndani nikikujibu kila unaponiita, hadi mmoja wetu atakapokosa kujibu.

Akupendaye,
Mwanao wa kwanza, fundi friji.