Noti Ndani ya Kofia

Salma wangu,

Assalaamu alaykum. Huku Matrah hatujambo. Bibi yako goti limepoa, keshaanza tena kugombana na wauza samaki.

Nimeusikiliza wimbo ulionirekodia huko Albania, wa kumlilia shujaa aliyeuawa vitani. Unauliza kwa nini watu hawapigi makofi. Mie nilifanya makubwa kuliko makofi.

Nilipokuwa nasoma Yugoslavia, na tabu za kufika huko tuziache, rafiki yangu Mualbania alinichukua kijijini kwao, huko huko Yugoslavia. Mzee mmoja akaimba kumlilia nduguye aliyefia vitani, wenzake wakimuitikia kwa mvumo mzito usio maneno, hata mwili ukanisisimka. Mie mtoto wa Unguja, nimekulia kwenye taarabu, nikainuka na noti yangu juu kwenda kumtunza. Watu wote wakanigeukia.

Mzee hakukasirika. Aliipokea, akaenda ukutani ilikotundikwa kofia ya marehemu, akaitia humo.

Rafiki yangu akanifasiria maneno yake: "Wimbo kautunga yeye mwenye kofia, siku alipokataa kukimbia. Mimi naurudia tu."

Nna haya mpaka leo, lakini muungwana mfano wa mzee yule sijamuona tena.

Basi ukiwasikia wanaimba, mwanangu, usimtazame mwimbaji. Tazama ukutani.

Babu yako