Punda Niliyekiri Kumwiba

Mjukuu wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika, na marahaba nimeitikia kwa sauti mpaka bibi yako akadhani kuna mgeni mlangoni. Yeye mzima. Goti linamsumbua, ulimi hata kidogo.

Sasa wewe polisi wangu unauliza, mwizi asipopigwa atasemaje? Enzi za Mwingereza nilishikwa hapahapa Kivinje kwa gunia la sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, lililopotea ghalani kwa tajiri mmoja. Sikuliiba. Maembe ya jirani niliiba, lakini hayo hawakuniuliza. Askari akanichapa, nikakiri gunia. Akazidi kuchapa, nikaona nimwongezee, nikakiri na punda. Alivyofurahi! Akaandika yote.

Nilipopelekwa mbele ya liwali, hakimu wetu, nilijua naenda jela. Mzee akasoma, akainua macho.

"Punda wa nani?"

Askari akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Nani kapotelewa na punda Kivinje nzima?"

"Bwana, mwenyewe kakiri," askari akasema.

"Ukimchapa tena atakiri kaiba na boma hili. Nimfunge kwa hilo pia?" Kisha akaniambia, "Vua shati." Akautazama mgongo wangu. "Nenda kwenu."

Hamisi, nilibaki palepale. Mtu mwenye kalamu ya serikali, ambaye kunifunga kusingemgharimu hata tone la wino, alikuwa ameuliza kwanza.

"Wewe, umeachiwa, toka!" karani akanisukuma. Nikatoka, nikasimama dirishani, kumtazama tu yule mzee.

Babu yako, ambaye hakufungwa.