Simu Inayolia Chumbani kwa Mama

Mama yetu mpendwa, Baba Mkubwa, uliyekubali kuisoma barua hii mbele ya kikao, mashangazi, nanyi wadogo zangu: shikamooni wakubwa, na poleni nyote. Huku mvua haikatiki, ila mimi ni mzima.

Mnajua marehemu kaka yetu ndiye aliyetengeneza programu ambayo hospitali huagizia oksijeni, ile ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Alijivunia jambo moja: "Dada, mtu akikwama asihangaike kutafuta ofisi. Aandike 'sema', kisha shida yake. Inaingia moja kwa moja kwenye simu yangu."

Simu hiyo Mama huichaji kila siku, nasi tulikatazana kuigusa. Ikilia, Mama hutabasamu: "Bado wanamtafuta mwanangu."

Nilipokuja msibani niliifungua. Mtunza stoo wa hospitali moja aliandika: "Fundi, oda ya oksijeni imegoma. Upo, au umetususa?" Kisha: "Fundi, jibu basi, mgonjwa anahema kwa shida." Mwisho: "Basi, fundi. Usijisumbue tena."

Mama, wanamtafuta kweli, na wanadhani anawasikia.

Kwa hiyo naomba kikao kisivunjike kabla ya jambo hili kutendeka. Mwenzake marehemu wa kazini, atakayeyaelekeza malalamiko hayo kwenye simu yake mwenyewe, nimemwomba aje leo. Bila shaka ameketi nje anasubiri. Mwiteni ndani. Naye Mama amkabidhi simu kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa bado inawaka.

Ni mimi, binti yenu mkubwa.