Ng'ombe Wanakuja Jumamosi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada maana nimechanganyikiwa, mimi ni Nyangi wa Busawe, nina binti mmoja ambaye baba yake alishatukimbia, sasa kuna mama mjane wa Morotonga, Efrazia, hakujaliwa mtoto wa kiume, anataka kunioa nyumba ntobu, ile desturi yetu Wakurya ya mwanamke kuoa mwanamke, yaani ng'ombe atoe yeye na mimi nizae watoto wa nyumba yake, na kuna Masalu, Msukuma anayechimba dhahabu Tarime, naye anataka kunioa anipeleke kwao, baba amesema nichague mwenyewe, shangazi anasema kwa Efrazia hakuna wa kunipiga, dada anasema mume ni mwanamume, mchungaji anasema ni dhambi, na kila ninayemsikiliza naona anasema kweli, Masalu kaninunulia simu, ana pikipiki, wenzangu wanamsifu, Efrazia yeye akija anamsuka binti yangu na kuniuliza nimelalaje, Masalu nimemwambia asubiri, Efrazia nilinyamaza tu, kumbe kwake nimekubali, Jumamosi wazee wake wanaleta ng'ombe, nifanyeje?

*Nyangi, marahaba. Pole, lakini nitakugombeza. Umezunguka kwa shangazi, dada na mchungaji, sasa umefika kwangu, ila hao wawili wanaotaka kukuoa hujawauliza neno. Na Mkurya gani asiyejua kwamba ukinyamaza mbele ya posa umekubali?*

*Kwa Masalu umeandika simu, pikipiki na sifa za wenzako. Binti yako hayumo. Kwa Efrazia yumo, anasukwa. Naona moyo umeshaelemea upande, lakini usikimbilie. Kusukwa siyo ndoa.*

*Nenda Morotonga na shangazi yako. Muulize Efrazia, mwanamume wa kuzaa naye utamchagua wewe au utaletewa? Na yeye akifa, mashemeji wakitaka shamba, nani atasimama nawe? Ajibu mbele ya wazee wake. Masalu mpigie kwa simu hiyohiyo aliyokununulia, umuulize kama binti anakwenda nanyi. Akianza kuzungukazunguka, umejibiwa. Wakikujibu vibaya wote, baki kwa baba yako ulime. Hakuna aliyesema lazima mmoja wao.*

*Ila ng'ombe wazuie leo, maadam wako kwao. Wakishaingia zizini kwenu na kaka yako, kama unaye, akawatumia kuolea mke, siku ukitaka kuondoka kwa Efrazia, kurudi kwako nyumbani kutajadiliwa na ukoo mzima, na wewe hutaulizwa.*