Masta wa Nini?

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumai baridi ya huko haijakushinda. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limepona, ila analisingizia ili nioshe vyombo mimi.

Karakanani kuna jambo. Tangu mzee wetu mwenye karakana afariki, mwenye mali ni mwanawe, Msumari, yule niliyemfundisha useremala miaka minne. Juzi Jumatatu kabandika tangazo ukutani: sasa aitwe "Masta", na atakayefika mwisho wa mwezi hajamwita hivyo atafute kazi kwingine. Wenzangu wanaita. Mimi ulimi umegoma. Daftari langu linasema: tarehe 2, sikumwita. Tarehe 3, sikumwita.

Wewe unayesomea Kiingereza, neno hili limetoka wapi? Nisije nikafukuzwa baada ya miaka ishirini na sita kwa neno nisilolijua.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Mwambie Mama nimeshamjua.

Neno lako ni la Kilatini, "magister", na ndani yake mna neno lenye maana ya "zaidi". Waliitwa hivyo walimu, manahodha, na pia waliomiliki watu kama mbuzi. Labda hapo ndipo ulimi wako unapokwama. Cheka kidogo: "minister", yaani waziri, ni ndugu yake, ila limetoka kwenye "pungufu"!

Lakini huko zamani seremala hakujipa jina hilo. Alitengeneza kitu kimoja, waliomtangulia wakakikagua, ndipo wakamwita wao.

Hata hivyo, mwite tu, Baba. Umri wako huu, nani atakuajiri?

Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Barua yako niliisoma mara tatu. Nikamwuliza Msumari mbele ya watu, "Zaidi ya nani?" Karakana nzima ikacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita "Bwana Zaidi" kisogoni, nami nikajuta. Kizuri chajiuza, kweli, hakihitaji tangazo, lakini sikumlea aje kuwa kichekesho.

Jana, siku ya mwisho, mteja alirudisha mlango uliovimba kwa mvua, pamoja na fremu yake. Nilinyoosha mkono nichukue randa, Msumari akaniwahi. Akavua koti. Akapapasa ubao kwanza kujua nyuzi za mti zinalala wapi, kama nilivyomfundisha, kisha akasukuma. Randa halikukwaruza hata mara moja. Maranda yalitoka marefu, membamba, ukiyainua unaona mwanga upande wa pili. Mlango ukaingia kwenye fremu bila kelele.

"Safi, masta," nikasema. Mdomo ulinitangulia.

Akageuka. "Umesemaje, Fundi?"

"Umesikia."

Akainama, akawa anafagia maranda mwenyewe, kazi ambayo hajaigusa tangu mazishi. Leo asubuhi tangazo halipo, imebaki gundi tu.

Daftarini nimeandika: tarehe 31, nimemwita. Hakuniamuru.

Baba yako