Chenji ya Pipi

Baba Kanana,

Githeri iko kwenye sufuria, ipashe tu. Na dukani sarafu zikiisha, usimpe mteja pipi badala ya chenji. Basi, tumeacha!

Asubuhi daktari wa meno alimkagua Kanana. Hakuna jino lililooza, asante Yesu. Akamuuliza huwa anakula nini kutwa. Mtoto akajibu, "Chenji." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Daktari naye akacheka, kisha akaandika: yuko hatarini sana.

Nimekimbilia soko la Lodwar kuleta ~~njugu~~ vijiti vya mswaki. Wateja watapewa hivyo.

Zile pipi za mfuko wa shati lako zirudishe. Daktari aliuliza nani mwingine nyumbani anapenda chenji, na mtoto wako hajui kuficha. Kesho saa tatu ni zamu yako.

Mama Kanana