Faili ya Kilo Hamsini na Saba

Voi, Jumanne

Kwa dada Wakesho,

Ndiyo, hiyo faili naijua. Uliponiuliza kwa simu kama Mheshimiwa Gibson ni mzima vile karatasi zake zinasema, nilijifanya netiweki imepotea. Haikuwa imepotea. Lakini wacha nikusalimie vizuri kabla sijaanza kutukana watu. Hujambo wewe, shemeji hajambo, mahindi ya huko Njukini yamebeba? Mama mwambie kitinda mimba wake anamkumbuka. Mimi ni mzima, nakula, nakunywa maji kama ngamia, na suruali zimekuwa kubwa mpaka nimetoboa mshipi mashimo mawili mapya. Watu wa hapa wanasema napendeza.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kitu ukisema kwa simu siku hizi, kesho iko kwa magrupu yote. Hii anakuletea Teresia, yule mama wa maharagwe, anakuja soko ya kwenu. Kusoma anasoma polepole, hawezi kuimaliza njiani.

Sasa tukuje kwa hawa waheshimiwa. Yule wenu wa kwanza, Mungu amlaze, aliingia kiti ya wadi akiwa mgonjwa, akalala miaka miwili Nairobi akituma picha za zamani. Ukiuliza, unaambiwa yuko semina. Basari za watoto, pesa za shule, zikakaa bila sahihi. Alipokufa ndio tukajua semina ilikuwa ya figo. Kwa hivyo mama wa chama yenu ya maharagwe waliposema kwa huu uchaguzi mdogo hawaketi na mtu hajaleta faili ya hospitali, mimi nilifurahi. Najua wazee walinung'unika ati ugonjwa ni siri ya mwenyewe. Ni kweli, kama mwenyewe anauza nyanya. Lakini mtu akitaka kubebwa na wadi nzima miaka yote hiyo, si mumpime kwanza? Hata dereva wa lori hupimwa macho. Hawa wanataka usukani na hawataki mtu ajue kama wanaona barabara. Bawasiri zake akae nazo, hizo hatuzihitaji. Tunataka kujua tu kama ataamka kwenda kazi.

Shida yenu, dada, na usikasirike, ni kusoma. Gibson, huyu anayetaka hiyo kiti sasa, alisimama mbele yenu akapeperusha faili ya plastiki, mkaona muhuri wa daktari, mkapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja alifungua. Ulisema nakala iko kwa sanduku ya chama. Toa uangalie ukurasa wa pili. Imeandikwa uzito wa Mheshimiwa ni kilo hamsini na saba. Huyo Gibson aliyekalia kiti ya plastiki kwa matanga ya baba, miguu yote minne ikafunguka, tukamwinua watu watano. Kilo hamsini na saba ni mguu wake mmoja, tena bila kiatu.

Utauliza nimejuaje. Kazi yangu unaijua, nashikia watu laini, nafasi kwa foleni. Huduma, benki, kliniki, popote wakubwa hawataki kusimama na sisi. Nasimama, nikikaribia mbele napiga simu, mwenyewe anakuja, nampisha. Basi mwezi jana akanipigia Hillary, yule kijana wa Gibson wa kumbebea simu na mwavuli. Akasema Mheshimiwa anakuja kupimwa huku Voi kwa sababu Taveta kila mtu anamjua, nimshikie laini kwa kliniki moja ya watu binafsi. Nikaandikisha jina lake, na namba ya simu nikaweka yangu, vile nafanya kila siku ili wakiita nisikie.

Nilipobakisha watu wawili nikapiga. Gari ilikuwa hapo nje, vioo vimefungwa, Mheshimiwa ndani na kuku yake ya kukaanga. Hillary akatoka peke yake. Akaniambia mkubwa ameangalia ile mlango ya kliniki akaanza kutokwa na jasho, hataki kujua kitu yoyote. Mwanaume anataka kuongoza watu na anaogopa sindano. Halafu akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Si tayari uko kwa laini? Ingia tu."

Akaongeza ati Gibson akipita, mimi nitakuwa na kazi kwa ofisi ya wadi. Kiti yangu, meza yangu. Mimi na darasa langu la sita.

Nikaingia, dada. Nikatoa damu, nikakojoa kwa kikopo, nikakohoa nilipoambiwa nikohoe. Zile kilo ni zangu. Mheshimiwa mliyempigia vigelegele ni mimi.

Na haikuishia hapo. Siku mbili baadaye ikapigwa simu yangu. Ni nesi, dada mmoja Mwislamu anaitwa Nasiha, anaongea kwa adabu mpaka unaona aibu. Akasema, "Mheshimiwa, sukari yako imepanda mno. Tafadhali usichelewe kurudi." Nikamshukuru. Nikakata simu nikacheka, nikasema masikini Gibson, kuku zimemmaliza. Nilitembea hatua kama kumi hivi ndio nikakumbuka damu ni ya nani.

Nilimwambia Hillary. Yeye alikuwa ameshachukua faili, akachomoa ule ukurasa wa sukari na kuutupa. Angalia namba za kurasa huko chini, iko tatu halafu tano. Akaniambia nisirudi kliniki, wasije wakajua Mheshimiwa ni mtu wa kushika laini, ningoje mpaka kura ipigwe. Nikangoja. Hii ni wiki ya tatu.

Kwa hivyo pale juu nilipoandika mimi ni mzima, futa. Nimemaliza jagi ya maji nikiandika hii, na mguu wa kushoto unakufa ganzi, ule ule waliomkata baba. Nimewatukana waheshimiwa kwa kuficha ugonjwa, na mimi nimekuficha wewe, dada yangu wa tumbo moja, kwa sababu ya kiti. Hata si kiti. Ni maneno ya mbeba mwavuli.

Msalimie shemeji. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikifika.

Sasa tupatane. Najua mnakutana Jumamosi kuamua mtasimama na nani. Nitakuja. Nitasimama mbele ya hao mama wote, wewe ulete ile mizani yenu ya magunia ya maharagwe, nipande wakiona, halafu uwasomee ukurasa wa pili. Gibson akiwa na ujasiri na yeye apande, mizani mkinunua ingine shauri yenu. Kazi ya ofisi iende na maji.

Hiyo ndiyo yangu. Yako ni moja tu. Jumatatu asubuhi na mapema uende hospitali ya Taveta unishikie laini, kwa jina langu, si la mtu mwingine. Hii kazi nimefanya miaka tisa na najijua. Nikisimama peke yangu, nikikaribia ule mlango, nitampisha mtu wa nyuma.

Ni mimi ndugu yako,
Elijah